Farasi wa Pasha: Mazungumzo juu ya Mji wa Sinj



Msafiri ashukaye chomboni katika bandari ya Split, kwenye pwani ya Kroatia, akiisha kuzunguka ndani ya kuta za kasri ya Kaizari Diocletian na kukaa kitako kunywa kahawa mbele ya Bahari ya Adriatiki, huwa haoni haja ya kugeuza uso wake kuitazama bara. Na kwa kuwa milima iliyo nyuma ya mji ule ni ya mawe matupu, mikavu, isiyoahidi kitu, wengi hurejea makwao wakiamini kwamba Dalmatia ni pwani tu, na kwamba ng'ambo ya milima hiyo hapana viumbe ila mbuzi. Tusiwalaumu sana, maana watu wa pwani popote walipo duniani wana mazoea ya kudhani kwamba ulimwengu unakoma pale inapokoma harufu ya chumvi. Lakini mtu akipanda njia ya Klis, penye ngome kongwe juu ya jabali, akaendelea mbele mpaka atimize kilomita zipatazo 35 tangu baharini, ataiona nchi ikifunguka ghafula machoni pake: uwanda mpana wa kijani kibichi, uliolala baina ya milima ya Svilaja, Kamešnica na Dinara, na mto Cetina ukipita humo kwenda zake baharini. Kando ya uwanda huo, chini ya kilima chenye magofu ya ngome, ndipo ulipo mji wa Sinj, ambao ndio mada yetu ya leo.

Mji wenyewe si mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 iliwakuta 24,826, na hao ni pamoja na wa vijiji vyake. Walio mjini hasa hawakufika nusu ya idadi hiyo. Wakati wa kipupwe huvumiwa na upepo wa kaskazini uitwao bura, upepo mkavu, mkali, unaoshuka milimani kwa nguvu za kumsukuma mtu mzima njiani. Na wakati wa kiangazi jua lake ni kali kuliko la pwani, kwa kuwa hapana bahari ya kulituliza. Wenyeji wake wamekuwa tangu zamani wafugaji, wakulima, na zaidi ya yote askari, kwa sababu ambazo zitadhihiri hivi punde.

Warumi waliipenda nchi hii. Katika bonde la Cetina waliweka kambi ya jeshi mahali palipoitwa Tilurium, na si mbali na Sinj wakajenga mji wa walowezi, Aequum, katika zama za Kaizari Claudius. Kutoka Aequum alitokea Sextus Julius Severus, jemadari aliyeitawala Britania, kisha akaitwa na Kaizari Hadrian kwenda kuuzima uasi wa Bar Kokhba katika nchi ya Uyahudi, kazi aliyoitimiza kwa ukatili ambao Wayahudi hawajausahau hata leo. Masalia ya mji ule, pamoja na kichwa cha Hercules kilichochongwa katika marumaru, yamehifadhiwa katika nyumba ya watawa wa Kifransisko mjini Sinj. Lakini jiwe linalopendwa na wenyeji kuliko yote halimo humo. Limejengewa katika ukuta wa nyumba ya kawaida mjini, nalo ni jiwe la kaburi la mtoto wa miaka saba, Gaius Laberius, aliyechongwa akiwa ameshika tufe mkononi, na tufe hilo lina mistari ya pembe sita sita kana kwamba ni mpira wa ngozi uliotoka dukani jana. Basi utawasikia watu wa Sinj wakishikilia kwamba kandanda ilianza kwao. Sina kusudi la kushindana nao. Ila nasema kwamba mtoto aliyezikwa karibu miaka elfu mbili iliyopita, na wazazi wake wakaona vema azikwe na mchezo wake, anastahili kukumbukwa ijapokuwa hakufunga bao hata moja.

Tuziruke karne nyingi, tuje palipo na uzito wa jambo.

Mwanzoni mwa karne ya 16 Dola ya Uthmani ilikwisha kuiteka sehemu kubwa ya Bosnia, na majeshi yake yakashuka kuvuka mlima Dinara yakaishika Sinj. Kwa muda wa takriban miaka 150 Sinj ilikuwa mji wa Waislamu, wenye askari wa Sultani katika ngome yake. Pwani ilikuwa mikononi mwa Venice, dola ya wafanyabiashara, ambayo ilipigana pale ilipolazimika na kununua amani pale ilipoweza. Mwaka 1686, Waturuki walipokuwa wameelemewa na vita vingine mbali huko Hungaria, Venice iliitwaa Sinj. Na Waislamu waliokuwa wakikaa humo wakaondolewa, wengine kwa upanga, wengine kwa hofu, wakakimbilia Bosnia.

Ngome isiyo na watu haina faida kwa aliyeitwaa. Ndipo mwaka 1687 likaja kundi la watu kutoka upande ule ule walikokimbilia wale wa kwanza. Katika bonde la Rama, ndani ya Bosnia, walikuwapo Wakristo Wakatoliki waliokuwa raia wa Sultani, na mapadri wao Wafransisko. Na hao, wakiongozwa na mtawa Pavao Vučković, waliacha mashamba na nyumba zao, wakavuka milima pamoja na wanawake na watoto na mifugo, wakaja kukaa Sinj chini ya himaya ya Venice. Mali yao iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote ilikuwa picha ya Bikira Maria, iliyochorwa na fundi ambaye jina lake halikuandikwa. Wengi wa watu wa Sinj wa leo hujihesabu kuwa wajukuu wa hao. Kwa hiyo mtu akiwauliza asili yao, jawabu la kweli ni kwamba wao ni wageni waliofika kwa miguu wakitokea nchi ya adui. Na ile nchi yao ya asili, bonde la Rama, sehemu yake kubwa hivi sasa imo chini ya maji, kwa kuwa serikali ya Yugoslavia ililijengea bwawa la umeme mwaka 1968.

Naomba msikilizaji alishike jambo hili, kwa maana bila ya hilo vita vya 1715 huonekana kama kisa cha mataifa mawili yasiyojuana. Sivyo. Wale waliokuja kuihusuru Sinj mwaka huo walikuwa wengi wao Waislamu wa Bosnia, na lugha yao ilikuwa moja na ya wale waliokuwa ndani ya ukuta. Yumkini miongoni mwao walikuwapo ambao baba zao walizaliwa Sinj, kama ambavyo ndani ya ngome walikuwapo waliozaliwa Bosnia. Matusi yaliyorushwa huku na huku hayakuhitaji mkalimani.

Dola ya Uthmani ilikuwa imetangaza vita na Venice mwishoni mwa mwaka 1714, na katika kiangazi kilichofuata ikaipokonya Morea, huko Uyunani, kwa wepesi uliowashangaza wote. Huku Dalmatia, Pasha wa Bosnia akakusanya jeshi kubwa akashuka nalo katika bonde la Cetina mwanzoni mwa Agosti. Masimulizi ya mji hutaja watu 60,000. Wanahistoria wengine huipunguza idadi hiyo, na mimi nipo pamoja nao, kwa sababu washindi wa vita ndogo siku zote huwa na maadui wengi. Waliokuwa ngomeni wakijilinda walipata 700. Mapadri walikuwa humo pia pamoja na ile picha, waliyoipandisha kutoka kanisani ili isiangukie mikononi mwa adui. Mizinga ikapigwa siku kadhaa, nyumba za chini ya kilima zikachomwa moto, na tarehe 14 Agosti likafanywa shambulio kubwa la kuupanda ukuta, ambalo lilirudishwa nyuma kwa hasara nyingi. Usiku ule, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, jeshi la Pasha lilifunga virago, na ilipopambazuka waliokuwa ngomeni wakautazama uwanda wasiamini macho yao.

Kwa nini waliondoka? Watu wa Sinj wanayo jawabu, na hawaitaki nyingine: askari wa Pasha waliona usiku mwanamke aliyezungukwa na nuru akitembea juu ya ukuta, wakaingiwa na kiwewe. Wenye kuchunguza maandiko ya wakati ule hutaja maradhi ya kuhara damu yaliyoenea kambini, uhaba wa chakula katika bonde lililoteketezwa, na kukata tamaa kwa askari walioahidiwa ngawira ya siku moja wakajikuta wanazika wenzao kila asubuhi. Sioni kwamba mtu amelazimika kuchagua. Aliye na homa ya kuhara damu, usiku, chini ya ukuta ulioua ndugu zake jana, anaweza kuona mengi.

Askari na maofisa waliookoka walichanga dhahabu, ikapelekwa kufuliwa taji, na mwaka 1716 picha ikavikwa taji hilo kwa ibada kubwa. Tangu hapo picha ya Sinj imekuwa na mahujaji wake. Mpaka leo, usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti, barabara ya kutoka Split hujaa watu waendao kwa miguu kilomita zile zote, na wengine wao huenda bila viatu kwa kutimiza nadhiri waliyoweka katika ugonjwa au mtihani au safari ya mtoto ughaibuni, hata wakifika alfajiri huwa wameketi vikundi vikundi juu ya nyasi na ngazi za kanisa, wakifungua vifurushi vya mkate.

Kuhusu Venice, iliyokuwa mlinzi wao, yapo ya kusema. Dola ile iliwapenda watu wa bara la Dalmatia walipokuwa wamepanda farasi na kushika bunduki, na haikuwapenda sana walipokuwa wameshika kalamu. Mtawa Filip Grabovac, mzaliwa wa viunga vya Vrlika, juu katika bonde hilo hilo la Cetina, aliyekuwa padri wa wanajeshi, alichapisha mwaka 1747 kitabu cha mashairi na nathari katika lugha ya kwao, akiwakemea wenziwe waionao asili yao kuwa ni aibu, na kutaja jinsi watu wa Dalmatia walivyoimwagia Venice damu yao. Wakubwa wakakasirika. Nakala za kitabu zikachomwa, mwandishi akatiwa gerezani Venice, na mwaka 1749 akafa angali mfungwa. Alikuwa ametumika katika jeshi la dola hiyo hiyo. Baada ya zaidi ya miaka 100, mapadri wa Sinj walikuja kulipa deni hilo kwa namna yao, kwani shule yao ya sekondari, iliyofanywa kuwa ya umma mwaka 1854 katika zama za Austria, ndiyo ya kwanza ya daraja hiyo kusomesha kwa lugha ya Kikroatia.

Sasa tuje kwenye Alka, ambayo kwa ajili yake jina la Sinj hujulikana hata na wasiojua iliko.

Alka ni mashindano ya wapanda farasi, yafanywayo kila mwaka mwanzoni mwa Agosti kwa ukumbusho wa ushindi wa 1715. Katika barabara iliyomwagwa mchanga hufungwa kamba juu, kutoka upande hadi upande, na katika kamba huning'inizwa pete ya chuma, au tuseme pete mbili, ndogo ndani ya kubwa, zilizounganishwa kwa vyuma vitatu. Kubwa ina upana wa sentimita 13 hivi. Ndogo, ya katikati, haizidi sentimita nne. Mpanda farasi hutoka mbio kwa kasi yote aliyo nayo mnyama wake, mkuki wa urefu wa mita tatu mkononi, na kwa pigo moja hujaribu kuichukua pete kwa ncha. Akipita katikati kabisa hupata alama tatu. Akiingia sehemu ya juu, mbili. Akiingia sehemu za chini, moja. Akikosa, hana kitu. Kila mmoja hukimbia mara tatu, na walio sawa hurudia mpaka apatikane mmoja. Apatapo mtu alama tatu, mzinga hulia, bendi hupiga, na wanaume wazima, wenye mvi na adabu zao, hurukaruka kama walioshikwa na pepo.

Mashindano hayo huchukua siku tatu. Ya kwanza huitwa Bara, ya pili Čoja, ambayo zamani zawadi yake ilikuwa kipande cha joho, na ya tatu, Jumapili, ndiyo Alka yenyewe. Kanuni za kale zilizosalia zimeandikwa mwaka 1833, lakini michezo ya kulenga pete ilikuwapo kabla ya hapo katika miji mingi ya Dalmatia, kama Zadar na Makarska na Imotski, ikafa huko kote, ikabaki Sinj. Barban, katika Istria, nao wanayo yao, waliyoifufua mwaka 1976. Kwamba Sinj peke yake haikuuacha kwa karne nzima na zaidi mchezo ambao miji tajiri kuliko wao iliuona umepitwa na wakati, hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko lile la nani alimshinda nani.

Jambo la ajabu, walakini, ni sura ya sherehe yenyewe. Mtu angetazamia kwamba watu wanaosherehekea kumfukuza adui wangemfukuza na katika sherehe. Wao wamefanya kinyume. Jina la pete ni la Kiarabu lililofika kwao kwa kinywa cha Mturuki. Mkuu wa wapanda farasi anayewaongoza uwanjani huitwa alajčauš, cheo cha jeshi la Sultani, ambacho nusu yake ilitufikia hata sisi Afrika Mashariki enzi ya Wadachi, kwa njia ya askari wa Kisudani, tukamwita mwenye cheo hicho shaushi. Kiongozi wa vijana waendao kwa miguu na bastola viunoni huitwa harambaša. Kofia za wapanda farasi ni za manyoya, na unyoya mrefu umechomekwa ubavuni; mavazi yao ni ya buluu iliyoiva, yenye vifungo vya fedha na tarizi, na yeyote aliyepata kuona picha za wakubwa wa Bosnia wa zamani hatashindwa kujua mafundi wa mavazi hayo waliiga kwa nani.

Na katikati ya msafara, baada ya wabeba ngao na marungu, hupita farasi asiyepandwa na mtu. Huyu ndiye Edek. Huongozwa kwa hatamu na vijana wawili, naye amepambwa kwa matandiko ya fahari kuliko farasi wote waliopo, kwa sababu, wasema wenyeji, yeye ni farasi wa Pasha aliyetekwa siku ile ya mwaka 1715. Hapigwi, hazomewi, wala hadhihakiwi. Watu humvulia kofia. Nimesikia wakosoaji, hasa wa mijini, wakisema kwamba Alka ni sherehe ya chuki, na kwamba siku hizi, ambapo Waislamu wa Bosnia ni majirani wa amani, ingefaa iachwe au ibadilishwe. Mimi nawajibu kwamba wamtazame farasi huyo. Chuki haimtandikii adui farasi wake kwa fedha kwa muda wa miaka 300. Zaidi ya hayo, washindi wasiokuwa na heshima kwa waliyemshinda hujivunjia wenyewe thamani ya ushindi wao, na watu wa Sinj, ambao hawapendi kuonekana wamemshinda mtu dhaifu, wameyajua hayo bila ya kufunzwa.

Hayo hayana maana kwamba farasi wa Alka hawakupata kupandwa na wasiostahili. Kila utawala uliopita Dalmatia ulitaka kupata sehemu yake katika mbio hizo, na walikuwa wengi: Venice mpaka 1797, kisha Austria, kisha Wafaransa wa Napoleon kwa miaka michache, kisha Austria tena mpaka 1918, kisha Yugoslavia ya wafalme, kisha ya Josip Broz Tito, na tangu 1991 Kroatia huru. Mwaka 1922 walichukuliwa wapanda farasi wa Sinj mpaka Belgrade ili wamfurahishe Mfalme Aleksandar katika arusi yake. Mwaka 1946 wakapelekwa Zagreb mbele ya serikali mpya ya kikomunisti. Watu wale wale, mikuki ile ile. Mabwana hubadilika, na kila bwana hudhani kwamba anayeshangiliwa ni yeye.

Wala tusifiche lililo chungu. Katika vita vya miaka ya 1990 bonde hili lilitoa askari wengi, na mmoja wao, Mirko Norac, mzaliwa wa Otok, kijiji kilicho jirani na Sinj, alipanda akawa jenerali angali kijana. Mwaka 2001 alipotakiwa na mahakama kwa ajili ya mauaji ya raia Waserbia katika mji wa Gospić mwaka 1991, maelfu kwa maelfu walikusanyika Split kumtetea, na watu wa Cetina walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2003 mahakama ya Kroatia yenyewe, katika mji wa Rijeka, ilimhukumu kifungo cha miaka 12. Kumpenda mtoto wa jirani ni jambo la kawaida katika kila kijiji duniani. Lakini waliouawa Gospić nao walikuwa na majirani.

Vita hivyo hivyo vilikaribia kuimeza Sinj kwa njia isiyofikirika katika 1715. Juu ya mji, katika mto Cetina, lipo bwawa la Peruća, lililojengwa katika miaka ya 1950. Majeshi ya Waserbia waliojitenga yaliliteka likawa mikononi mwao, yakatega ndani ya ukuta wake baruti za tani nyingi. Lau ukuta ule ungebomoka, maji ya ziwa zima yangeshuka juu ya vijiji na miji ya bondeni, na waliokuwa katika njia yake walikadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 30,000. Alikuwapo pale ofisa mmoja Mwingereza, Kapteni Mark Gray, wa askari wa majini, aliyekuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa. Huyu alifungua njia ya kumwagia maji ya ziada, na ziwa likapungua kimo kwa mita kadhaa. Tarehe 28 Januari 1993, Wakroatia walipokuwa wakilisogelea bwawa hilo, baruti zikalipuliwa. Ukuta ukapasuka, ukatitia, ukavuja, haukuanguka. Wakroatia wakaliteka bwawa siku ile ile, na mafundi wao wakafanya haraka kuyatoa maji yaliyobaki. Lau ziwa lingekuwa limejaa, mazungumzo yetu ya leo yangekuwa marefu kidogo na ya huzuni nyingi zaidi. Kwa Bikira aliyetembea ukutani watu wa Sinj wamejenga kanisa. Kwa kapteni aliyefungua mlango wa maji sidhani kama wamefanya ya kutosha.

Yapo mengine niliyotamani kuyaeleza, kama reli nyembamba iliyokuwa ikipanda kutoka Split tangu 1903 mpaka ilipong'olewa mwaka 1962, ambayo wazee bado huitaja kwa mapenzi, ingawa kwa kasi yake abiria mwenye haraka angeweza kuwaza kushuka akatembea. Na ipo ngoma ya nchi ile ya bara la Dalmatia, iitwayo nijemo kolo, ambayo Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya Alka yenyewe. Ngoma hiyo huchezwa bila ya ala yoyote: wanaume huwazungusha wanawake kwa hatua kali, kubwa, wakiwajaribu ukakamavu wao mbele ya watu, na kinachosikika ni vishindo vya miguu na mlio wa shanga na sarafu za mavazi. Mkurugenzi wa vipindi alipendekeza tuwapigieni kidogo. Nilimwomba tusijaribu, kwa kuwa nyinyi mlio majumbani mngedhani redio zimeharibika.

Siku hizi kanuni ya Alka yasema kwamba wapanda farasi sharti wawe wa jamaa za Sinj na bonde la Cetina, na si wengineo. Ni kanuni kali kwa mji uliojaa wajukuu wa wahamiaji, na ni ngumu zaidi kutimizwa sasa, kwa sababu vijana wengi wa huko, kama walivyofanya baba zao tangu miaka ya 1960, huenda Ujerumani kutafuta kazi, na farasi hafundishwi kwa barua. Anahitaji mtu wa kumzoeza kipupwe chote, asubuhi na mapema, kabla ya huyo mtu hajaenda kazini kwake, awe seremala au dereva au mwalimu. Maana wapanda farasi wale wenye vifungo vya fedha si mabwana wenye mashamba, ni watu wa mishahara. Hata hivyo kila Agosti hawapungui, na walioko Ujerumani hupanga likizo zao kwa kuhesabu kutoka siku ya Alka.

Msikilizaji atakayejaaliwa kufika huko siku hizo ataandaliwa chakula kiitwacho arambašići, ambacho kimepewa jina la yule harambaša wa vijana wenye bastola. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa kwa kisu, haikusagwa kwa mashine, ikatiwa viungo na kuviringishwa katika majani ya kabichi iliyochachushwa, kisha ikapikwa polepole kwa saa nyingi pamoja na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nchi za jirani hupika mfano wake na kuchanganya mchele ndani. Namwusia asiulize kama na huku umetiwa mchele, hasa kama mama mwenye nyumba yuko karibu na bado ameshika kisu.